Sura ya Sita: Rufaa Ilipohama

Mwezi Aprili 2020 Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, pale Ilala, ilitengwa iwe hospitali ya wagonjwa wa corona, na wagonjwa wengine wakaelekezwa kwingine. Kwa aliyeisoma habari hiyo akiwa Masaki au Mikocheni, uamuzi ulikuwa na busara yake. Jiji lilihitaji mahali pa kuwatenga wagonjwa, na Amana ilikuwa na majengo, ilikuwa na wauguzi, tena haiko mbali na katikati ya mji. Lakini muulize mwanamke wa Gongo la Mboto, Majohe au Kivule habari za Amana, atakwambia ndiko walikozaliwa wanawe. Kwa miaka mingi wodi ya wazazi ya Amana imekuwa miongoni mwa zile zinazozalisha wanawake wengi kabisa Dar es Salaam. Kwa ukanda wote wa barabara ya Pugu, toka Vingunguti na Kiwalani mpaka Pugu Kajiungeni, mkunga alipoandika rufaa kwenye kadi ya kliniki, kila mtu alijua gari linaelekea wapi.

Sura zilizotangulia zimeeleza virusi vinafanya nini ndani ya mwili. Hii inahusu jambo ambalo halina virusi ndani yake. Janga humfikia mjamzito kwa kumwambukiza, ndiyo, lakini mara nyingi zaidi humfikia kwa kumwondolea kitanda, mkunga, damu na gari alivyokuwa akivitegemea bila kuvifikiria. Gongo la Mboto ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hilo, kwa kuwa ni mji wa watu wanaokwenda hospitali kweli. Hakuna haja ya kuwahimiza. Tatizo lao linaanza wakishafika, au wakiwa njiani.

Gongo la Mboto iko mwishoni mwa Barabara ya Nyerere, ambayo watu wazima bado wanaiita Pugu Road. Unapita Tazara, unapita uwanja wa ndege, Banana, Ukonga na gereza lake, ndipo unafika kituo cha daladala zilizoandikwa G/Mboto ubavuni. Vijana wanapaita Gomz. Nje ya Dar es Salaam wengi walilisikia jina hili baada ya usiku wa 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka kwenye ghala la silaha la kambi ya jeshi. Watu zaidi ya 20 walifariki, na maelfu wakakimbia gizani na watoto mgongoni bila kujua waelekee wapi. Hata hivyo mji haukuacha kukua. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu milioni 5.38, na sehemu kubwa ya ukuaji wa jiji inakwenda huku pembezoni, ambako mtu wa kipato cha kawaida anaweza bado kupata kiwanja au chumba. Wanaohamia ni vijana, na vijana ndio wanaozaa.

Uzazi wa kawaida unaweza kumalizikia zahanati ya jirani, mikononi mwa mkunga mmoja mwenye glavu safi na maarifa. Hesabu ambayo wataalamu wa uzazi wameitumia kwa miaka mingi katika kupanga huduma ni kwamba takriban wajawazito 15 kati ya 100 watapata tatizo linalohitaji msaada mkubwa zaidi: presha inayopanda mpaka kifafa cha mimba, mtoto aliyekaa vibaya, uchungu usiosonga mbele, kondo la nyuma lililogoma kutoka. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Katika saa hizo mbili mtu agundue kwamba damu imezidi, sindano ichomwe, dripu iwekwe, simu ipigwe, gari lipatikane, barabara ipitike, na kule mwisho awepo daktari, chumba cha upasuaji kiwe wazi, chupa ya damu ya kundi lake iwe kwenye jokofu. Foleni ya Tazara ilipungua Daraja la Mfugale lilipofunguliwa Septemba 2018. Katika mitaa ya ndani hali ni nyingine: Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na wakazi wa Ulongoni wameshaona masika ikiondoka na daraja.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala ambayo wakunga wa dunia nzima wamefundishwa nayo tangu hapo. Walisema vifo vya wajawazito vinatokana na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kijijini Katavi au Kigoma, mbili za kwanza ndizo zinazoua sana. Dar es Salaam ni tofauti. Hapa zaidi ya wanawake tisa kati ya kumi wanajifungulia kituoni. Ukikaa na wanawake wa Ukonga wakisimulia uzazi wao, utasikia kwa uchache habari za mume aliyekataa kutoa nauli, na kwa wingi habari za leba iliyojaa, wawili kitanda kimoja, na muuguzi mmoja anayekimbia huku na huku. Kwa hiyo hospitali kubwa ikiondolewa kwenye mnyororo, wanawake hawapungui. Wanasogea tu kwenye vitanda vichache vilivyobaki, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili na vituo vya afya, ambavyo navyo vilikuwa vimeshafurika kabla hata ya corona.

Turudi nyuma kidogo, Machi 2020. Tarehe 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Tarehe 31 kikatangazwa kifo cha kwanza. Ndoo zenye koki zikajaa kila mlango wa duka, tangawizi na ndimu zikapanda bei, na daladala zikaamriwa kubeba abiria kwa idadi ya viti. Levo siti, makondakta walisema. Mtu mzima mwenye nguvu aliona ni usumbufu wa kuchelewa kazini. Mjamzito wa miezi minane aliyekuwa anatoka Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi hakuwa na viwiko vya kugombania siti. Daladala zilikuwa zinajaa palepale kituoni na kupita bila kusimama kuanzia kituo cha Mombasa mpaka Banana. Waliokuwa na uwezo walikodi bajaji. Wengine walirudi nyumbani wakasema wataenda wiki ijayo.

Kliniki ya wajawazito ina desturi zake. Saa moja asubuhi benchi limeshajaa, wamama wamebananishana bega kwa bega, kila mmoja na mkoba wake na chupa ya maji. Muuguzi anaanza na somo: dalili za hatari, lishe, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, maandalizi ya kujifungua. Aliyekuja na mwenza anahudumiwa mapema. Aliyekuja peke yake huenda akaulizwa barua ya serikali ya mtaa. Benchi lile lina kazi ambayo haiandikwi kwenye ripoti yoyote. Hapo ndipo binti wa mimba ya kwanza anapomsikia mwenzake akisimulia jinsi alivyoumwa kichwa kikali na kuona ukungu machoni, akajua kwamba hizo si dalili za kunywa panadoli na kulala. Corona ilikuja na amri ya kukaa mbali. Masomo yakafupishwa au yakahamia nje chini ya mwembe, ndugu wa kumsindikiza mzazi wakapunguzwa, na benchi likawa kitu cha kuogopwa.

Kadi ya kliniki yenyewe ni karatasi ngumu iliyokunjwa, kingo zake zimelainika kwa jasho na kwa kukaa mkobani pamoja na khanga. Ndani kuna safu: tarehe, uzito, presha, wingi wa damu, kimo cha mimba, mapigo ya moyo wa mtoto, majibu ya VVU na kaswende, dozi za SP za kuzuia malaria, sindano ya pepopunda. Tuseme mwanamke alianza kliniki Februari 2020, presha ikaandikwa 110 kwa 70. Machi akaja, hali ni ileile. Kisha Aprili tupu, Mei tupu, Juni tupu, na mwisho wa Julai anafika na uchungu, presha 160 kwa 110, miguu imevimba. Mkunga anayeipokea kadi ya namna hiyo hawezi kujua presha ilianza kupanda lini, wala damu ilipungua lini. Anaanza upya na mtu ambaye hana muda wa kuanziwa upya. Kifafa cha mimba kina dawa, magneziamu salfeti, tena si ya bei kubwa. Inataka tu mtu aliyeona presha ikipanda.

Hapa lazima niseme jambo la haki kuhusu uamuzi wa Tanzania wa kutofunga watu ndani. Umelaumiwa sana, na mengine katika lawama hizo nitakuja kuyasema. Lakini kwa mwanamke mwenye uchungu saa nane usiku, uhuru wa kutoka nje ulikuwa na thamani kubwa. Kenya iliweka kafyu ya jioni hadi alfajiri kuanzia 27 Machi 2020. Nairobi, wanawake wakakwama nyumbani kwa kuogopa polisi, na madereva wa teksi na bodaboda wakaogopa kuwabeba. Dokta Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi, aliona wodi inavyopungukiwa na wazazi usiku na akaelewa kwamba mimba hazijaacha kufika mwisho wake. Ndipo akaanzisha Wheels for Life: mjamzito anapiga simu bure, daktari anamsikiliza, na ikibidi gari au ambulensi inatumwa kumchukua. Uganda ilipiga marufuku usafiri wa magari binafsi mwishoni mwa Machi, na aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali alipaswa kuomba kibali cha mwakilishi wa rais wilayani. Habari za wanawake waliofia njiani au kujifungua kando ya barabara zilienea, mpaka Rais Museveni akaondoa sharti la kibali kwa wajawazito mwezi uliofuata. Nepal walifunga nchi, na watafiti waliokuwa wakifuatilia hospitali tisa walikuta kwamba wanaojifungulia hospitalini walipungua kwa nusu, na vifo vya watoto wachanga vikapanda kutoka 13 hadi 40 kwa kila vizazi hai 1,000. Mama wa Gongo la Mboto hakukutana na kizuizi cha polisi pale Banana, na hilo liandikwe kwenye hesabu ya mema.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni ukimya, na huu haukuwa mwema. Mwisho wa Aprili 2020 takwimu za Bara zilisimama, na jumla iliyobaki kwenye vitabu vya dunia, pamoja na ya Zanzibar, ikawa wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 17 Mei Rais Magufuli, akiwa kanisani Chato, alisema wagonjwa waliokuwa Amana wamepungua kutoka 198 hadi 12. Vyuo vikafunguliwa 1 Juni, shule zote 29 Juni. Watu wakapumua, na kwa kliniki hilo lilikuwa na faida yake: benchi lilianza kujaa tena, na Amana baadaye ikarudi kwenye kazi zake. Lakini ugonjwa wenyewe ulirudi pia. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilifuatana, na jina lililoruhusika midomoni likawa changamoto ya upumuaji.

Fikiri mkunga anavyofanya kazi katika hali hiyo. Mjamzito anafika akihema. Anaweza kuwa na upungufu mkubwa wa damu, jambo la kawaida sana kwetu. Anaweza kuwa na nimonia, malaria kali, moyo ulioshindwa kubeba mzigo wa mimba, damu iliyoganda mapafuni, au corona. Kila moja ina njia yake. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kuongezewa. Mwenye moyo dhaifu ukimjaza maji kwa haraka unamuua. Mwenye corona anahitaji oksijeni, na mkunga anayemhudumia anahitaji barakoa nzuri kwa sababu kuzalisha ni kazi ya kukaa uso kwa uso na mtu anayesukuma na kupumua kwa nguvu kwa saa nyingi. Kipimo kisipokuwepo na jina lisipotajwa, wote hao wanalazwa chumba kimoja na kuhudumiwa kwa kubahatisha. Utafiti uliofanyika katika nchi 18 na kuchapishwa Aprili 2021 ulionyesha kuwa wajawazito wenye corona walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, ya kuzaa njiti na ya kufa. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, ulikuta kwamba miongoni mwa wanawake waliolazwa wakiwa na corona, mjamzito alikuwa na hatari ya kufa hospitalini karibu mara mbili ya asiye mjamzito. Hao ni majirani zetu kabisa, na miili ya wanawake wa Ukonga haina tofauti na ya wanawake wa Kampala.

Wauguzi wakunga ndio waliobeba uzito wa ukimya huo, na sioni kama tumewashukuru inavyostahili. Daktari bingwa anaweza kumwona mgonjwa kwa dakika kumi akaondoka. Mkunga hana pa kuondokea. Kichwa cha mtoto kinapotokeza ni lazima awepo pale, avae kilichopo, afute kinywa cha mtoto, na asipolia amsaidie kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Tanzania ilikuwa imeshaonyesha dunia thamani ya dakika hiyo: mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yalipojaribiwa katika hospitali nane nchini, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza ya maisha vikipungua kwa asilimia 47. Mafunzo hayo yanategemea mikono iliyozoea, timu isiyobadilika na vifaa mahali pake. Ukiwatawanya wakunga wa wodi moja kwenye vituo vitano katika wiki moja, vyeti vyao vinakwenda nao, ila mazoea ya kufanya kazi pamoja yanabaki nyuma.

Mama mwenye corona amnyonyeshe mtoto au asimnyonyeshe? Swali hilo lilizunguka sana mitaani, na majibu ya mitaani yalikuwa mabaya: mtoto atengwe, apewe maziwa ya kopo. Shirika la Afya Duniani lilisema mapema kwamba mama aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono. Kwa njiti jambo lilikuwa zito zaidi. Mtoto aliyezaliwa na kilo moja na nusu anahitaji kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Utafiti uliofanyika Tanzania, Ghana, India, Malawi na Nigeria na kuchapishwa Mei 2021 ulionyesha kwamba kuanza kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atengemae kwanza, hupunguza vifo kwa robo. Waliopiga hesabu ya hatari na faida walikuta kwamba kumtenga mtoto na mama kwa kuogopa corona kungeua watoto wengi mno kuliko ambao corona yenyewe ingewaua. Kwa hiyo hospitali yoyote iliyomtoa mama kwenye chumba cha watoto wachanga kwa nia ya kumlinda mwanawe ilikuwa inamwondolea mtoto dawa yake kuu.

Watoto wakubwa kidogo nao wana ratiba yao: BCG na matone ya polio wakizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Ratiba hiyo haisubiri. Mtoto aliyekosa wiki ya 10 anaweza kupewa baadaye, lakini mama aliyevunja mazoea ya kwenda kliniki harudi kirahisi, hasa akiwa ameshaanza tena biashara yake ya vitumbua au mama ntilie. Duniani kote watoto milioni 25 walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro mwaka 2021, na huo ulikuwa mporomoko mkubwa kuliko wowote katika miaka 30. Matokeo yalikuja kwa miguu yake. Februari 2022 Malawi ilitangaza polio, na kufikia Mei wachanjaji walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba Tanzania nzima, Gongo la Mboto ikiwemo, wakiweka matone mdomoni mwa watoto na alama ya wino kwenye kidole. Februari 2024 ikaja kampeni ya surua na rubela kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kampeni ni jambo jema, ila kila kampeni ni ishara kwamba ratiba ya kawaida imeacha watoto nyuma.

Msomaji makini ataniuliza juu ya takwimu moja inayoonekana kupinga yote haya. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya wanawake kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Haya ni mafanikio makubwa, yametokana na kazi ya kweli, na Tanzania ilipongezwa kwa haki. Serikali ileile iliyokaa kimya kuhusu corona ndiyo iliyojenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya vyenye uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi, na naamini vituo hivyo viliokoa wanawake wengi katika miezi ambayo hospitali kubwa zilikuwa zimeelemewa. Lakini 104 ni wastani wa takriban miaka saba kabla ya utafiti, na ni wa nchi nzima. Miezi mitatu ya mtaa mmoja haionekani ndani yake. Aliyempoteza dada yake Mei 2020 kwa sababu rufaa ilimzungusha vituo vitatu hawezi kufarijiwa kwa kuonyeshwa kwamba mstari wa taifa unashuka. Tena utafiti huohuo unaonyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya siku 28 havikutikisika: 25 kwa kila 1,000 mwanzoni, 24 baadaye. Siku hizo 28 ndizo zinazotegemea wodi ya wazazi kuliko kitu kingine chochote.

Mama wa Gongo la Mboto ana nini cha kutegemea leo? Kuna Hospitali ya Wilaya kule Kivule, na mbele zaidi hospitali ya mama na mtoto ya Chanika iliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini, kwa hiyo rufaa hailazimiki tena kuelekea mjini tu. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kitaifa mfumo wa m-mama, uliokuwa umejaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa: kituo au familia inapiga 115 bure, gari la wagonjwa linatafutwa, na lisipopatikana analipwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, fedha ikiingia kwenye simu yake. Na ndani ya miaka ya janga lenyewe hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini zilishiriki jaribio kubwa la kudhibiti damu baada ya kujifungua. Mzazi anatandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, damu inaonekana kwa mililita badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikifika kiwango cha hatari tiba zote zinatolewa kwa mkupuo. Matokeo ya Mei 2023, yaliyohusisha wanawake zaidi ya 200,000, yalionyesha uvujaji mkubwa wa damu ukipungua kwa asilimia 60. Mfuko huo unaweza kutumika hata zahanati ya Pugu, ilimradi ununuliwe na uwe unafika.

Vituo vipya na simu ya bure ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni uamuzi unaopaswa kuandikwa kabla ya dharura: wodi ya wazazi iwe ya mwisho kuhamishwa. Wanaopanga dharura hutazama hospitali kwa vitanda, na kitanda cha mzazi huonekana chepesi kuhamishika kwa sababu aliyelala juu yake si mgonjwa, ataondoka kesho. Wanasahau kwamba kesho hiyohiyo atakuja mwingine, na keshokutwa mwingine, na kwamba hakuna tangazo la waziri linaloweza kumwambia mtoto angoje mpaka hali itulie. Upasuaji wa busha unaahirishika. Kliniki ya macho inaahirishika. Ikibidi hospitali ya mkoa itengwe kwa janga, basi wodi ya wazazi ihame ikiwa nzima, timu nzima, pamoja na jokofu la damu na chumba cha upasuaji, mpaka mahali palipotajwa kwa jina, na jina hilo litangazwe kwenye kila benchi la kliniki siku hiyohiyo. Njia za kutangazia zipo. Kuanzia 2012 mpango wa Wazazi Nipendeni uliwatumia wajawazito ujumbe wa simu bila malipo, na kila mtaa una mjumbe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaojua nyumba zenye mimba.

Na dharura haziishi. Tarehe 10 Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa homa ya nyani, mpox, mmoja wao dereva wa lori aliyekuwa safarini kuelekea Dar es Salaam. Ugonjwa huo unajulikana kuwa hatari kwa mimba. Mwaka huohuo msaada wa Marekani uliokuwa ukilipia sehemu ya huduma za kliniki ulikuwa umekatwa. Kila kituo cha umma kina kamati yake ya usimamizi yenye wajumbe kutoka mitaani, na kikao cha bajeti kina nafasi ya maswali. Kikao kijacho cha Gongo la Mboto kiulize haya: damu iliyopo leo kwenye jokofu la Kivule ni chupa ngapi na za makundi gani, usiku kuna nani wa kufanya upasuaji na nani wa kutoa dawa ya usingizi, gari la wagonjwa lina mafuta ya safari ngapi, na Amana ikitengwa tena kesho asubuhi, mkunga wa zahanati ataandika jina gani kwenye nafasi ya rufaa. Majibu yabandikwe ukutani, mahali ambapo anayekaa kwenye benchi anaweza kuyasoma.